Bokilo Wangu Wanne

Jina lenyewe msiniulize. Wajukuu wangu wananichokoza kila siku, "Koko, taja basi mara moja tu, nani atasikia?" nami nawatuma wakachote maji. Kwetu Ubundu mwanamke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele ya watu, halitaji akiwa peke yake jikoni, halitaji hata homa ikimpanda. Na mwiko hauishii kwa baba mkwe. Kila mwanamume anayebeba jina lile, awe mgeni, awe mlevi wa sokoni, naye ni bokilo, maana ndivyo tunavyowaita wakwe hapa Kisangani. Unampisha njia, huketi naye mkeka mmoja, huli akikutazama, na unamwita papa, yaani baba. Mama yangu alinifundisha hayo kwa mdomo na kwa mkono, na mkono wake ulikuwa mzito, kwa hiyo nilishika upesi.

Sasa sikilizeni bahati yangu. Niliolewa katika mji ambamo jina la bokilo wangu lilibebwa na wanaume wanne, wote wanajulikana tangu soko hadi ng'ambo ya mto, kila mmoja kwa kazi yake. Wanne! Wenzangu walikuwa na bokilo mmoja na bado walilalamika.

Nilikuja mwaka ule wa uhuru, mji ukiwa bado unaitwa kwa jina la mzungu. Nilipanda treni Ubundu na tonton wangu, mdogo wa baba, aliyepewa kazi ya kunifikisha kwa mume. Treni iliposimama njiani kupakia kuni na ndizi, tonton alishuka akamkimbilia dereva, wakakumbatiana, akamwita kwa jina. Nikashtuka. Ee Mungu wangu, ni jina lile lile la mzee ninayekwenda kuwa mkwe wake! Nifanyeje? Nikashuka na nguo yangu mpya, nikapiga goti palepale kwenye kokoto.

Dereva alikuwa mtu mnene, uso mweusi kwa masizi, kofia imekaa upande. Akauliza, "Huyu mutoto iko na nini? Anaumwa?"

Tonton akamweleza. Yule mtu akavua kofia yake taratibu, akanitazama, machozi ya kucheka yakamtoka. Lakini alijua desturi. Bokilo akipigiwa goti haondoki mikono mitupu. Akaingia ndani ya mashine yake akatoka na matunda ya safu yaliyochemka kwa mvuke wa injini, ameyafunga katika leso. "Kula, mutoto wangu. Kula nyuma ya wagoni, nisikuone."

Tangu siku hiyo, filimbi ya treni ikilia ng'ambo ya mto, mimi huku Kabondo niliacha sufuria nikasema, "Papa amefika." Nilisema hivyo mpaka alipostaafu. Hata leo, kwa kuwa treni yenyewe inakuja ikipenda, kuna siku natega sikio bure.

Bokilo wangu halisi alikuwa fundi cherehani. Mwislamu wa familia za zamani za mji huu, kofia nyeupe, futi ya kupimia shingoni kutwa nzima, na miguu yake ilipiga pedali hata akiwa ameketi kula. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Jina lake la msikitini lilikuwa jingine. Hili ninaloliogopa lilikuwa jina la mababu wa msitu, ndiyo maana Wakristo nao walilibeba. Alikuwa mpole. Siku ya kwanza nilipompelekea chai nikiwa nimegeuza uso ukutani kama mtu anayeadhibiwa, aliniambia, "Mutoto, heshima si utumwa. Angalia mbele, utanimwagia chai." Nilimpenda tangu hapo. Nampenda hadi sasa na yuko udongoni.

Wa tatu alikuwa golikipa. Na huyu ndiye aliyenitesa, maana alikuwa kijana, nadhani tulizaliwa msimu mmoja. Siku za kazi alibeba mizigo bandarini, Jumapili alidaka mipira. Mikono kama makasia! Mji mzima ulipiga kelele jina lake uwanjani, na mimi nimekaa katikati yao, mume wangu pembeni, nimebana midomo. Mara moja mpira ukapigwa, nikaona unakwenda kona, nikasahau adabu yote nikasimama, "Papa! Papaaa! Kamata, papa!"

Akakamata. Lakini watu wote wa upande wetu walikuwa wamegeuka kunitazama. Mama mmoja akauliza, "Yee, huyu golikipa alizaa akiwa na miaka ngapi?" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Na mchezo uliofuata, wapi! Uwanja mzima ukaacha jina lake, ukaimba "Papa! Papa!" Jioni yake alikuja barazani kwetu amenuna.

"Mama, umenizeesha. Wasichana wote wananipigia goti. Bibi ya kuoa nitapata wapi?"

"Nisamehe, papa," nikasema. Bokilo wangu fundi alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano.

Maana wanne hao walikuwa marafiki. Watu wa jina moja huku tunawaita ndoyi, na ndoyi ni zaidi ya ndugu: sahani yake ni yako, aibu yake ni yako. Kila Jumapili baada ya mpira walikutana kwenye baraza la fundi. Dereva alileta samaki wa Ubundu, mimi nilitwanga lituma, ndizi zile zikalainika na mawese, na wote wanne walikula sahani moja, vidole vikigongana. Ukimwita mmoja wao kutoka barabarani, wote wanne waliitika, "Yee!" Wapita njia waliwaita kwa makusudi, wapate kucheka. Ukiniuliza uhuru ulikuwaje, sitakuambia habari za bendera. Nitakuambia ile "yee" moja ya vinywa vinne.

Wa nne alikuwa karani wa serikali. Huyu ndiye ninayetaka kumweleza vizuri, na ndiye ninayechelewa kumfikia.

Alikuwa mwembamba, Mkatoliki, amesoma kwa mapadri. Wazungu walipoondoka alipewa meza ya mmoja wao, na feni juu yake. Mashati yake meupe alishonewa na bokilo wangu, kola ngumu kama kibao. Jumapili ya kwanza nilipomletea maji ya kunawa nilipiga goti, nikasema, "Papa, maji haya."

Akarudisha kiti nyuma kama ameona nyoka. "Ah non, madame! Simama, simama. Sisi ni batu ya uhuru. Miye hapana papa yako, hapana bokilo yako. Hayo ni mambo ya zamani. Uniite Monsieur, kama batu ya ofisi. Monsieur inatosha."

Dereva akaacha kutafuna, akamtania, "Ndoyi, mkataa pema, pabaya panamwita!" Wakacheka wote, naye karani akacheka zaidi yao. Nikamwangalia bokilo wangu, naye akainua mabega: mwenyewe amekataa, utamlazimisha? Basi nikasimama nikasema, "Maji haya, Monsieur." Akafurahi kweli. Na kusema haki, goti langu nalo lilifurahi.

Msidhani alikuwa mtu wa maringo matupu. Hapana. Ndiye aliyegundua kwamba sijui kusoma. Akasema haiwezekani, nchi yetu wenyewe na mwanamke kijana hajui herufi. Kila Jumapili, wengine wakinywa chai, aliketi nami kwenye ngazi ya baraza na gazeti lake, kidole chake safi kikitembea chini ya maneno. Hakuchoka. Nilipokosea alisema "Encore," nilipopata alisema "Voilà." Nami nilijibu, "Ndiyo, Monsieur." Hapana, Monsieur. Nimeelewa, Monsieur. Neno hilo nililisema mara nyingi kuliko jina la mume wangu. Haya mnayoyasoma, herufi zake ni za kidole kile.

Hatukujua kama tuna furaha. Nani anayejua wakati huo?

Halafu uasi ukaja. Mume wangu alikuwa fundi wa meli, ameshuka na mto kabla ya mambo kuharibika, na mto ukafungwa nyuma yake. Nikabaki na bokilo wangu. Waasi walipouingia mji walianza kutafuta watu wa ofisi, watu wa meza na kalamu. Waliowapata hawakurudi. Karani alikuja kwetu asubuhi moja amepauka. Bokilo wangu hakuuliza kitu. Alimvua lile shati jeupe akamvika fulana iliyochanika ya kufutia mashine mafuta, akamvua viatu, akampaka vumbi miguuni. "Sasa weye ni mulimaji," akamwambia. "Ukisema Kifaransa hata kidogo, nitakupiga miye mwenyewe kabla yao." Karani akaenda kujificha kwenye mashamba ya mihogo, nyuma ya mtaa.

Waasi walikuwa na jina lake. Hawakuwa na sura yake. Sasa, mtu mwenye akili angefanya nini? Wao walikamata jina zima. Walimchukua bokilo wangu kwenye cherehani, futi ikiwa shingoni, pedali bado inacheza. Walimchukua golikipa bandarini, dereva nyumbani kwake ng'ambo, na yule "mulimaji" wakamtoa mihogoni, kwa sababu alipoulizwa jina alilisema. Sijui kwa nini hakusema jingine. Labda mtu akivuliwa shati na viatu, anashikilia jina.

Wakafungiwa katika depo ya pamba karibu na mto. Wakaulizwa, nani kati yenu ni mtu wa ofisi? Fundi akasema ni fundi, dereva akasema ni dereva, golikipa akasema ni golikipa, karani akasema ni mulimaji. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ndoyi hamwuzi ndoyi. Habari zikatufikia Kabondo: mkubwa wao amekwenda njia ya Bafwasende, akirudi jioni na mtu wa ofisi hajapatikana, wanne wote watalipa. Wanaume hawakuthubutu kusogea pale. Bon, nikafunga lituma katika majani, nikajifunga kitenge, nikaenda.

Niliogopa. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: nimtoe mzee. Nimtoe mzee wangu.

Mlinzi wa mlangoni alikuwa kijana, majani ya mitende kichwani, bunduki kubwa kumpita. Niliposogea akaruka nyuma. "Usiniguse! Mwanamuke asiniguse, dawa itaharibika!" Hao nao walikuwa na miiko ya dawa yao ya kuzuia risasi: wasiguswe na mwanamke, wasipeane mkono na asiye na dawa, vitani wasigeuke nyuma. Nikasimama mbali. Na ajabu, moyo ukatulia kidogo. Nikajiambia, huyu naye ana mama aliyemfundisha kuogopa kitu.

"Unatafuta nani?"

"Natafuta papa."

"Papa gani? Jina yake nani?"

"Siwezi kuitaja."

Akainua bunduki. "Unanichezea?"

"Aka! Sichezi. Iko bokilo yangu. Kwetu hatutaje jina ya bokilo. Ukinipiga, unipige, lakini siwezi."

Akanitazama. Akashusha bunduki, akakwaruza majani yake ya kichwani, na ghafla nikaona ni mtoto wa watu. "Hata miye," akasema, "jina ya mama mukwe wangu siwezi kutaja. Dada yangu alitaja ya bokilo yake, akaugua mwaka muzima." Akageukia mlango, akaupiga kwa mguu, akapaza sauti ndani, "Bokilo ya huyu mwanamuke, atoke!"

Akatoka fundi wangu, pamba kwenye ndevu. Nikapiga goti. Kabla sijainuka akatoka dereva. Nikampigia goti naye. Akatoka golikipa, nikampigia naye.

"Ngoja, ngoja!" mlinzi akasema. "Babokilo batatu? Weye uko na bwana ngapi?"

"Bwana mumoja. Hao wote iko na jina moja. Kwetu wote ni bokilo."

Hakuniamini, akataka kuhakikisha kwa njia yake. Akamwelekea kila mmoja. "Weye, huyu mwanamuke anakuitaka nani?"

"Papa," akasema fundi.

"Papa," akasema dereva.

"Papa," akasema golikipa, kichwa chini, na mlinzi akatazama lile goti langu, akatazama uso wa kijana yule usio na ndevu, akaangua kicheko. "Kweli hii ni desturi! Hakuna mutu anaweza kutunga uongo namna hii. Endeni, endeni mbio, kabla mukubwa hajarudi."

Mzee wangu alikuwa nje. Nilichokijia nilikuwa nacho. Lakini mlango ulikuwa bado wazi, na kule ndani, juu ya furushi la pamba, nilimwona yule wa nne ameketi, mikono magotini. Hakuinuka. Bokilo alipoitwa, yeye hakujihesabu. Alikuwa ameniambia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemtii.

Nimwiteje? Papa, asingejua ni yeye. Monsieur, ningemwua. Lilibaki jina. Na bokilo wangu amesimama hatua moja kutoka kwangu. Nikafumba macho nikalisema. Nililisema kwa sauti, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, na wale watatu waliokuwa wakiondoka wakageuka pamoja, "Yee!" Naye kule ndani akaitika, "Yee," akasimama, akaja mlangoni.

"Na huyu?" mlinzi akauliza. Hakucheka tena.

"Naye ni bokilo. Naye ana jina lile."

"Sikuulize weye." Akamgeukia. "Weye, huyu mwanamuke anakuitaka nani?"

Alikuwa amekaa mbali, hakuwa amesikia wenzake walivyojibu. Nilimtazama kwa macho yangu yote. Nikatikisa midomo, pa-pa, kama yeye alivyonifundisha silabi. Akanyoosha ile fulana iliyochanika, akaiweka sawa begani kama shati. Aliulizwa swali na akalijua jibu lake. Akajibu kwa adabu:

"Monsieur."

Mlinzi akalirudia polepole. "Monsieur." Akatazama fulana ile, akatazama miguu ile laini chini ya vumbi. Halafu akamsukuma ndani kwa kitako cha bunduki, akafunga mlango, na akatuambia tusipokimbia atafyatua. Bokilo wangu alinishika mkono, mzee asiyewahi kunigusa hata kwa bahati mbaya, akanivuta hadi Kabondo.

Karani hakurudi. Hatukupewa hata mwili.

Nililia siku nyingi, na wao walidhani nalilia mwiko. Bokilo wangu akaja mlangoni pa jikoni, mahali ambapo bokilo hafiki, akasema, "Mutoto, siku ile uliita ndoyi yangu. Hukuniita miye. Hakuna mwiko uliovunjika." Kisha akarudi kwenye mashine.

Jumapili waliendelea kula sahani moja, watatu, na walibishana juu ya neno lile mpaka walipozeeka. Golikipa alisema ni kiburi. Dereva alisema ni woga, mtu akiogopa husema alichozoea. Hakuwahi kurudia tena ile methali yake. Nadhani ilimkaa kooni. Bokilo wangu alisema yule mtu hakuweza kusema uongo mbele ya mwanafunzi wake. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alisema kweli. Ndivyo nilivyokuwa nikimwita, na ni yeye aliyetaka, na ningekuwa na ukaidi kushinda utii ningemwita papa kwa nguvu, kila Jumapili, mpaka akazoea.

Sasa wote wamekwenda. Mji umebadilishwa jina, baraza limebomoka, na jina lile bado linatembea. Juzi nilipanda pikipiki kurudi kutoka soko, nikaona limeandikwa nyuma ya koti la dereva kwa rangi nyekundu. Kidole kile kilinifundisha, kwa hiyo nililisoma. Nikashuka nikapiga goti langu baya la uzee, nikasema, "Papa, nipeleke Kabondo."

Akacheka. "Koko, miye ni mutoto mudogo. Papa ya nini? Uniite tu jina yangu, ao chef."

Nikampiga begani kwa leso.

"Mutu akikuuliza nakuitaka nani, utajibu nini?"

"Ee, koko! Chef."

"Utajibu nini?"

Akaona uso wangu, kicheko kikamwisha. "Papa," akasema.

"Rudia."

"Papa, koko. Papa."

"Bon," nikasema, nikapanda. "Sasa endesha."